Mnara ni Mahali pa Nuru

Simu, kwa asili yake ya Kiajemi, ni waya. Leo tunaitia mfukoni ikiwa haina waya hata mmoja, na jina limebaki palepale. Masafa ni umbali. Mafundi wa redio walipohitaji neno la kutaja wingi wa mitetemo ya mawimbi kwa sekunde, wakalichukua hilohilo, na hakuna msikilizaji aliyelalamika. Mawimbi tumeyatoa baharini. Mtandao una undugu na kutanda, kitenzi cha wingu na cha buibui. Na mnara, kabla haujawa chuma chirefu chenye ngazi, ulikuwa mahali pa nuru. Neno hilo tumelipokea kutoka Kiarabu, likiwa na mzizi uleule uliotupa nuru, na kwa mabaharia wa pwani yetu mnara ulikuwa, na bado ni, taa ya kuongozea vyombo.

Wapenzi wa lugha watasema haya ni mambo ya kamusi. Kwangu mimi yalikuja kuwa mambo ya Bibi.

Bibi yangu anaishi Mamba, upande wa Vunjo, katika miteremko ya Kilimanjaro inayoitazama tambarare ya Himo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akastaafu, akabaki na kihamba, mbuzi wawili na daftari la mashairi. Asiyeijua nchi ile na aifikirie hivi: mlima umechanwa na makorongo yanayoshuka kutoka msituni hadi tambarare, na kati ya korongo na korongo upo mgongo mwembamba wenye njia, nyumba, kahawa na migomba. Unaweza kumwona jirani wa mgongo wa pili akianika kahawa, ukamwita, akakuitikia; lakini kumfikia ni kushuka hadi mtoni na kupanda tena, na ukifika huna pumzi ya kumwamkia. Wazee waliielewa vizuri sana jiografia hiyo. Mifongo waliyoichimba ilichukua maji huko juu na kuyapitisha ubavuni mwa makorongo kwa mteremko mdogo mno, uliopimwa kwa macho na uzoefu, hadi kwenye vihamba. Maji yalitii. Mawimbi ya simu hayachimbiwi mfongo.

Nyumba yenyewe imejificha begani mwa korongo, chini kidogo ya mgongo. Mnara wa karibu uko upande wa kusini, kule chini, na kati yake na nyumba pametokeza kilima kidogo kilichofunikwa na migomba. Ndani ya nyumba simu huandika kwamba hakuna huduma. Jikoni, siku njema, husoma kijistari kimoja, kisha hukifuta kabla hujaitikiwa shikamoo yako. Kwa hiyo watu wa upande ule hufanya kama Mawenzi katika kisa cha wazee, aliyekuwa kila mara akienda kwa Kibo kuomba moto kwa sababu wake umezimika: hutoka, huvuka korongo, huenda kwenye mgongo wa wenzao kuomba mtandao. Tofauti ni kwamba Kibo alichoka akampiga Mawenzi kwa mchi hadi uso wake ukabaki na mapengo yale tunayoyaona. Majirani wa Bibi ni wapole zaidi. Hutoa hata kigoda.

Mwezi wa Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania lilizindua intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya Marangu ya wapanda mlima. Bibi alisikia habari hiyo redioni. Siku iliyofuata alipovuka korongo na kunipigia, maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Mjukuu, mgeni yuko juu kule barafuni anaongea na kwao Ulaya. Mimi siwezi kuongea na Himo." Alikuwa akicheka. Mimi sikuona ubaya wa intaneti ya Horombo, na sioni hadi leo. Wapagazi na waongoza wageni ni watoto wa vihamba hivyohivyo, na mtu akizidiwa na hewa nyepesi kule juu, simu ni uhai. Lakini neno lake lilinikaa moyoni. Mtu anaweza kuzaliwa chini ya njia ya ishara zote za dunia na bado zikampita juu ya paa.

Kisha ikaja masika. Usiku mmoja wa Aprili presha yake ilipanda. Kijana anayemsaidia kazi alikuwa amekwenda kwao. Alijaribu kupiga akiwa kitandani, akajaribu sebuleni, akajaribu jikoni. Halafu akafanya kile ambacho kila mtu alimwambia siku zote, kwamba mtandao hupatikana ukipanda: akachukua mwavuli na tochi, akapanda kihamba gizani kuelekea juu, kwenye migomba minene kuliko yote, na udongo wa masika ukamtelezesha. Mguu uliteguka. Alikaa chini ya mgomba, simu mkononi ikiwa na chaji na salio, hadi jirani aliyekuwa akienda kukata majani ya ng'ombe alipomwona alfajiri. Hospitalini walimtuliza presha, wakaufunga mguu. Alipona. Lakini kwa wiki tatu familia nzima haikuzungumza jambo jingine. Wako waliotaka ahamishiwe Moshi mjini mara moja, na Bibi hakutaka hata kulisikia neno hilo.

Siku hizo, akiwa bado na fimbo, alinitumia ujumbe huu:

Nimepanda hadi juu, mgomba wanizuia,
Nina neno tena kuu, sauti yanikimbia,
Imechoka na miguu, bonde nalizungukia,
Niambie mjukuu, wapi nitaisikia?

Malenga watahesabu mizani kwanza, na hawatakosea: kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane. Mimi nilihesabu kitu kingine pia. Ukijumlisha herufi, alama na nafasi, pamoja na kuvunja mistari, ubeti huu una 146. Ujumbe mfupi wa simu hubeba 160.

Kipimo hicho kina hadithi ambayo naamini watunzi wataipenda. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, aliketi nyumbani kwake mjini Bonn na mashine ya kupiga chapa, akaandika sentensi na maswali ya kawaida, akahesabu kila herufi, kila alama na kila nafasi. Karibu yote aliyoyaandika yalienea ndani ya 160, na idadi hiyo ikawa kanuni. Mtu aliyehesabu sauti za lugha yake ili ajue mstari utoshe wapi: sisi tuna jina kwa kazi hiyo. Na silabi ya Kiswahili, kwa kuwa mara nyingi ni konsonanti moja na irabu moja, hufanya mshororo wa mizani kumi na sita uwe na herufi kama arobaini hivi pamoja na nafasi. Minne ya namna hiyo ni mia na sitini kasoro kidogo, au zaidi kidogo kwa mtunzi mwenye maneno mazito. Tarbia na ujumbe mfupi vimekutana bila kupangiwa.

Kukutana huko kuna faida kwa mtu wa korongoni. Ujumbe mfupi hauhitaji njia ya sauti. Hupita katika mkondo mwembamba ambao simu na mnara huutumia kusabahiana. Hutosheka na nafasi ya sekunde chache, na usipomfikia mpokeaji huwekwa kituoni na kujaribiwa tena baadaye. Mahali ambapo sauti hukatika, ubeti hupenya. Lakini ukizidi 160 hukatwa vipande vya herufi 153, na simu nyingi hazimwonyeshi mpokeaji kitu mpaka vipande vyote viwe vimewasili. Jambo jingine, na hili liwafikie wanaoandika ng'ombe na ng'ambo: ile alama ya ng' ikiandikwa ikiwa imepinda, kama simu za kisasa zinavyopenda kuipinda, ujumbe wote huweza kuhamishiwa katika mfumo mwingine wa uandishi wenye nafasi 70 tu. Simu nyingine huinyoosha zenyewe kabla ya kutuma, nyingine haziinyooshi. Kialama kimoja kikipinda, ubeti hauenei tena.

Nilikwenda Mamba mwezi wa Juni, nikiwa bado na deni la kujibu ubeti ule. Usiku wa kwanza nilikaa barazani nikifikiri kuhusu ushauri ambao Bibi alikuwa amepewa miaka yote, nikaona kwamba ulitokana na maneno tuliyoyazoea. Ukisema mtandao, unafikiria kitu kilichotanda. Ukikosekana, unasubiri utande tena, kama unavyosubiri ukungu uondoke. Bibi alikuwa akisubiri hivyo. Ukisema mawimbi, unafikiria maji yanayojaa na kupwa, basi unapanda juu uyafuate. Alikuwa akipanda hivyo, na nusura impotezee uhai. Maneno haya si mabaya, lakini hakuna lililomwambia Bibi asimame wapi. Lililoweza kumwambia ni mnara.

Mawimbi ya simu na mwanga wa taa ni ndugu wa damu. Husafiri kwa mwendo uleule, na kwa kiasi kikubwa hunyoosha njia, ingawa ya simu hupinda kidogo kwenye kingo za vilima na hupenya majani na kuta kwa shida. Mlima huyazuia. Mabati huyarudisha, kama kioo kinavyorudisha mwanga, na nyumba ya Bibi imeezekwa bati na kuongezwa bati ubavuni upande wa mvua. Majani ya mgomba yaliyolowa huyanywa. Ndiyo maana masika hali ilikuwa mbaya kuliko kiangazi. Basi swali la Bibi, wapi nitaisikia, lilikuwa swali la taa: ukiwasha taa pale mnarani, itakuangazia ukiwa umesimama wapi?

Na taa ipo. Minara mingi ina taa nyekundu kileleni ya kuonya ndege. Niliinuka barazani nikazunguka kihamba chote gizani, bila kushika simu, nikitafuta nukta nyekundu. Kule juu kwenye migomba, mahali alipopanda Bibi usiku ule, sikuona kitu. Nyuma ya nyumba, hakuna. Niliiona mahali pawili tu: pembeni mwa njia, chini ya nyumba kwa hatua kama thelathini, ambapo korongo linafunguka kuelekea tambarare; na kwenye pembe ya kusini ya paa, nilipopanda ngazi. Kutoka pale njiani niliona pia taa nyingi za mbali, ng'ambo ya tambarare. Hizo si za kutegemea. Mfumo wa simu wa kizazi cha pili, kwa mfano, kwa kawaida una mpaka wa kilomita 35 hivi, kwa kuwa mnara hutenga muda maalumu wa kusubiri jibu la simu, na jibu likichelewa kwa umbali huhesabiwa kuwa halikuja. Hapo masafa na masafa yanakutana tena. Kuona taa ni lazima. Kuwa karibu nayo ni lazima pia.

Asubuhi nilipima kwa hesabu. Ndani ya mipangilio ya simu, sehemu inayoeleza hali ya laini, huandikwa nguvu ya mawimbi kwa namba hasi. Vijistari vile vya pembeni ni mapambo tu. Kila kampuni ya simu huvichora ipendavyo. Namba ndiyo yenye ukweli, na kadiri inavyosogea kwenye sifuri ndivyo hali inavyokuwa njema. Kila hatua ya 10 ni mara 10. Niliifunga simu katika kizazi kimoja cha mtandao ili nisilinganishe vitu viwili tofauti, nikapata hasi 109 jikoni na hasi 89 pembeni mwa njia. Tofauti ya 20 maana yake ni mara 100. Hatua thelathini za kushuka zilimpa Bibi nguvu mara mia ya ile aliyokuwa akiipandia.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Bibi alikuwa kanisani, na kanisa lao liko juu ya mgongo, mahali peupe ambapo simu hulia hadi mahubiri yanavurugika. Nikalipa deni langu papo hapo, kwa vina vyake mwenyewe kama inavyopasa katika kujibizana:

Bibi usipande juu, shuka pembeni ya njia,
Penye upenyo mkuu, mwanga unakoingia,
Usiichoshe miguu, kwa heshima nakwambia,
Nitapiga mjukuu, nawe utanisikia.

Herufi 154. Aliporudi hakusema lolote kuhusu shairi. Alipitiliza nyumba, akashuka hadi njiani na fimbo yake, akasimama, akanipungia mkono nipige. Nilikuwa mbele yake kwa hatua kumi nikampigia hivyohivyo. "Aika," akasema, ndani ya simu na nje ya simu kwa pamoja.

Lakini mtu wa presha hawezi kuambiwa ashuke njiani saa nane za usiku, hata kama ni hatua thelathini. Ilibidi nuru ya pembe ya paa iingizwe ndani. Wako waliotushauri tununue kikuza mawimbi, kile mafundi wa mjini wanachokiita busta. Nilikataa, na sikukataa kwa sababu ya bei. Kifaa cha namna hiyo, kikiwa kibovu au kimefungwa vibaya, hupayuka na kuukera mnara wenyewe, hata majirani wakakosa kile kidogo walichokuwa nacho. Ndiyo maana vifaa vya mawasiliano hutakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Tukachagua njia isiyokuza kitu: simu ya mezani inayotumia laini, yenye vitufe vikubwa na tundu la antena mgongoni, na antena ya nje iliyofungwa kwenye mti mkavu pembe ya kusini, ikatazamishwa kwenye ile taa nyekundu. Antena yenyewe inafanana na mifupa ya samaki, kama ile ya televisheni, lakini ya televisheni haifai. Kila antena hukatwa kwa urefu wa mawimbi inayoyangoja. Mawimbi ya megahezi 900, yanayotumiwa sana na kizazi cha pili, yana urefu wa sentimita 33 hivi. Bibi aliposikia hivyo aliingia ndani, akatoka na rula yake ya ualimu, akaipima mifupa ile mmoja mmoja. Ilikuwa karibu nusu ya rula. Nikamweleza kwamba ni nusu ya wimbi. Akasema basi aliyeitengeneza alijua vipande vyake, ukwapi na utao.

Waya tuliufanya mfupi kadiri ilivyowezekana, kwa sababu kila mita hunywa sehemu ya kile antena ilichokikamata, na tukaupitisha chini ya kenchi hadi kando ya kitanda. Simu yake ya mkononi nayo tuliiambia ibaki kizazi cha pili, maana ya kisasa huing'ang'ania 4G dhaifu hadi chaji inaisha, wakati mlango wa zamani uko wazi. Masafa ya chini huyazunguka majani na mabega ya vilima vizuri kuliko ya juu. Katika jambo hili uzee ulikuwa na faida, na Bibi hakuacha kulitaja.

Haikutengeneza kila kitu. Mvua kubwa bado huikwaruza sauti. Umeme ukikatika mnarani kwa muda mrefu, taa huzimika na mambo yote huzimika nayo. Mei 2023 ilitiwa saini mjini Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na mtu wa korongoni ana haki ya kuuliza mmoja utasimama lini ng'ambo yake. Paa la Bibi si jibu la nchi. Majirani wawili wamekwishafunga antena kama yake. Wa tatu anaendelea kushuka pale njiani, na pale pamewekwa benchi.

Mwezi uliopita nilimtumia takhmisa, ubeti wa mishororo mitano. Saa nzima haikufika, kisha ikafika yote kwa pamoja, na dakika mbili baadaye akanipigia, akiwa amekaa kitandani. "Mjukuu, huyu wa tano kaja kufanya nini?" Nikamwambia bila yeye maana haitimii. Akasema nimsomee polepole, na kalamu anayo. Mvua ilikuwa ikinyesha Mamba, nilisikia bati. Tulipofika ubeti wa pili alikuwa amekwishafuta mishororo miwili badala ya mmoja, nami nilikuwa nikiutetea wa tatu.